Mwenzangu kaambiwa milioni 35, mimi 15, na mshahara wetu ni mmoja

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini, nina miaka 37. Mume wangu ni mkulima wa korosho. Shamba liko Tandahimba, na msimu ukiisha anarudi kwetu mjini akifanya vibarua vya ujenzi. Tuna watoto watatu, mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari.

Mwaka wa sita sasa tumepanga nyumba Chuno. Ina vyumba vitatu na sebule, vyumba viwili vidogo vya uani, na tangi la saruji la kuvunia maji ya mvua. Tangi hilo lilikuwa limepasuka, mume wangu akalijenga upya kwa mikono yake kwa makubaliano na mzee mwenye nyumba. Mzee huyo alifariki mwezi wa tatu. Watoto wake wako Dar es Salaam, na wametuambia wanauza. Wanataka milioni 45. Wamesema sisi ndio tumeambiwa kwanza, ila wanataka jibu Januari, pesa za korosho zikishatoka. Kodi tunalipa 150,000 kwa mwezi.

Nilikwenda benki kuulizia mkopo wa nyumba. Afisa akachukua salari slipu yangu, akabonyeza kompyuta, akaniambia, "Mwalimu, wewe mwisho wako milioni 15, zaidi ya hapo mfumo unakataa." Nikamuuliza imekuwaje, akasema ndivyo mfumo ulivyo. Nikaondoka. Kilichoniumiza ni kwamba mwalimu mwenzangu, ambaye tuliajiriwa pamoja na mshahara wetu haupishani hata shilingi, aliambiwa milioni 35 mwezi uliopita, benki hiyohiyo. Usiku sikulala. Nimefika mahali pa kufikiri kwamba ni kwa sababu mume wangu ni mkulima.

Mshahara wangu wa msingi ni 1,240,000. Bodi ya Mikopo bado wananikata deni la masomo ya chuo, limebaki kama 2,100,000. SACCOS, chama chetu cha kuweka na kukopa, nakatwa 110,000 za mkopo, imebaki miezi minane. Akiba tuliyonayo ni milioni 9.

Mume wangu anasema nimwambie afisa ahesabu na korosho. Misimu mitatu iliyopita, ukitoa gharama za shamba, alibaki na milioni 4, kisha milioni 11, kisha milioni 7. Shemeji yangu anasema tuweke shamba dhamana ili benki iongeze, halafu vyumba vya uani tupangishe watu wa kampuni za gesi, kodi ilipe mkopo. Mama mkwe hataki kulisikia hilo la shamba. Mikorosho hiyo mume wangu aliachiwa na mjomba wake na ukoo mzima unaiangalia.

Nisaidie Shangazi. Wanahesabuje hawa? Benki wamesema riba ni asilimia 16 kwa mwaka, na kwamba nikichukua miaka 20 badala ya 15 rejesho litakuwa dogo. Nichukue 20?

Mama Watatu,
Chuno, Mtwara

*

Marahaba mwanangu. Poleni kwa msiba wa mzee. Mtu aliyekaa na wapangaji miaka sita na kukubaliana nao mambo ya tangi kwa maneno tu, huyo alikuwa mtu wa watu.

Nilikaa dawati la mikopo miaka mingi kabla ya kustaafu, na barua yako imenigusa pabaya. Na sisi tulikuwa tunawaambia watu jibu bila kuwaonyesha hesabu. Foleni ndefu, mfumo umeshatoa namba, basi unamsomea mteja namba anaondoka. Sikujua kwamba kuna mama anarudi nyumbani na kukesha akidhani kosa ni la mume wake. Mume wako hahusiki kabisa na ile milioni 15. Kaa chini na kalamu na salari slipu yako, nikuonyeshe ilikotoka.

Mtumishi wa umma haruhusiwi kukatwa mpaka mshahara ukaisha. Lazima abaki na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Theluthi ya 1,240,000 ni 413,333. Hiyo haiguswi. Afisa anatoa kwanza makato ya lazima, anatoa na madeni uliyonayo, kisha anaangalia kimebaki kiasi gani juu ya hiyo 413,333. Kilichobaki hapo ndicho rejesho lako la juu kabisa. Mkopo unapatikana kutokana na rejesho hilo, wala hauanzi na bei ya nyumba.

Sasa makato yako. PSSSF, mfuko wa pensheni, ni asilimia 5, yaani 62,000. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye kinachobaki baada ya hapo, 1,178,000, na kwa viwango vya sasa ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kile kilichozidi milioni moja, jumla 181,400. Bima ya afya asilimia 3, 37,200. Chama cha walimu asilimia 2, 24,800. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 186,000. Jumlisha, utapata 491,400. Unabaki na 748,600. Toa theluthi yako, nafasi iliyopo ni 335,267. Toa na ile 110,000 ya SACCOS, inabaki 225,267.

Kwa riba ya asilimia 16 na miaka 15, kila milioni moja unayokopa inalipwa kwa shilingi 14,687 kwa mwezi. Gawa 225,267 kwa 14,687. Umeona? Ni milioni 15 na laki tatu.

Mwenzako naye mpigie. Mshahara uleule, kodi ileile, ila tuseme hana Bodi na hana SACCOS. Nafasi yake ni 335,267 na 186,000 juu yake, yaani 521,267. Gawa kwa 14,687, inakuja milioni 35 na nusu. Hakupendelewa, na wewe hukuonewa. Bila shaka yeye alishamaliza madeni yake, wewe bado.

Ukishaelewa hapo, utaona kwamba una mlango ambao afisa hakukufungulia. Ile 186,000 ya Bodi peke yake inakuzibia mkopo wa milioni 12 na laki sita. Ile 110,000 ya SACCOS inakuzibia milioni 7 na nusu. Na madeni yenyewe yamebaki madogo: Bodi 2,100,000, SACCOS miezi minane kwa 110,000, kama 880,000. Jumla haifiki milioni 3. Toa kwenye akiba yako umalize yote mawili. Najua kutoa milioni 3 kwenye 9 ulizozikusanya kwa miaka kunauma, lakini hakuna kitu kingine unachoweza kufanya na hizo milioni 3 kitakachokupandisha kutoka 15 hadi 35.

Bodi waombe kwanza taarifa ya deni, usilipe kwa kukadiria. Lipa kwa namba ya malipo watakayokupa, kisha dai barua ya kumaliza deni, uipeleke kwa afisa utumishi ili makato yasimamishwe. Hapo pana kawaida ya kuchelewa. Unaweza kulipa leo na slipu ya mwezi ujao bado ikaonyesha umekatwa. Usirudi benki mpaka slipu iwe safi, maana mfumo unasoma slipu, hausomi barua. Pesa iliyokatwa kwa kuzidi idai, ni yako.

Namba hiyo ya "kila milioni moja" ishike vizuri. Ukiingia benki yoyote usianze kwa kuuliza "naweza kukopa kiasi gani". Uliza: milioni moja, miaka 15, rejesho la mwezi ni shilingi ngapi, ukijumlisha na bima? Kila benki itakupa namba yake na utaweza kuzilinganisha ukiwa umekaa kwenye daladala. Kwa asilimia 13 ni 12,652. Kwa asilimia 18 ni 16,104. Na ukienda mahali wakakwambia riba yao ni asilimia 10 tu, uliza kama inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho. Asilimia 10 ya mkopo wote kwa miaka 15 inakutoa karibu sawasawa na asilimia 15 ya salio linalopungua. Watu wengi wameumia hapo huku wakidhani wamepata nafuu.

Sasa miaka 20. Hapa nakuomba unisikilize sana, kwa sababu hata watu wasomi wanateleza. Chukua ile nafasi ya 335,267, ya kabla ya kutoa SACCOS, tuitumie kama mfano. Kwa miaka 10 inakupa mkopo wa milioni 20, na utalipa jumla milioni 40 na laki mbili. Kwa miaka 15 inakupa milioni 22 na laki nane, utalipa milioni 60 na laki tatu. Kwa miaka 20 inakupa milioni 24 na laki moja, utalipa milioni 80 na nusu. Soma tena hiyo ya mwisho. Miaka mitano zaidi inakuongezea mkopo wa milioni 1 na laki tatu, na inakugharimu milioni 20. Riba ikiwa juu namna hii, ukirefusha miaka unaongeza riba tu, mkopo hauongezeki cha maana. Ukitaka rejesho dogo, kopa kidogo. Usichukue 20. Tena una miaka 37, ukichukua 20 utamaliza ukiwa na 57, na kustaafu kwa lazima ni 60. Sitaki uwe unalipa nyumba mpaka karibu na mwaka unaofungasha vitabu vyako.

Baada ya kumaliza madeni benki itakwambia 35. Je, uchukue 35? Hapana. Ile theluthi ni mstari wa sheria kwamba usishuke chini yake, haikuwekwa kama kipimo cha mtu kuishi. Kipimo changu ni kingine na ni chepesi. Leo, baada ya makato yote, SACCOS na kodi ya nyumba, mkononi unabaki na 488,600, na kwa hiyo mnakula, watoto wanasoma na mnapanda bajaji. Ukikopa milioni 30 kwa miaka 15, rejesho ni 440,610. Bila Bodi, bila SACCOS na bila kodi ya nyumba, unabaki na 493,990. Yaani maisha yako ya kila mwezi yanabaki palepale yalipo leo, ila nyumba ni yenu. Ukichukua 35 unashuka kwa zaidi ya 65,000 kila mwezi, na huyo mtoto wa kwanza anaanza sekondari mwaka huohuo, wawili wako nyuma yake. Nikikupigia na riba ipande mpaka 18, kwa milioni 30 rejesho linakuwa 483,120 na unabaki na 451,480. Utabana, lakini hutalala njaa. Kwa hiyo waulize kama riba yao inaweza kubadilika katikati, na kwa masharti gani. Mimi nakuwekea milioni 30, na ukisukumwa sana usivuke 32.

Sasa korosho za baba watoto. Zina alama zake, maana siku hizi pesa ya mnada inapitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kuingia kwenye akaunti ya mkulima, kwa hiyo taarifa ya benki ya misimu mitatu ipo. Benki inaweza kuiangalia. Ila nakuomba wewe usiihesabu kwenye rejesho la mwezi hata kama benki itakubali.

Rejesho linakuja mara kumi na mbili kwa mwaka. Korosho inalipa mwishoni mwa mwaka, kisha kimya. Nimekulia kusini, nimeona inavyokuwa. Mwezi wa nne au wa tano nyumba imeishiwa, palizi inadai, salfa ya kupulizia mikorosho inadai, na benki wamepiga simu mara ya pili. Jioni anakuja mtu na pikipiki, mpole, anasalimia mpaka watoto, ana bahasha mfukoni. Anasema chukua hii sasa, korosho utanipa zikianguka. Hiyo ndiyo kangomba. Bei anayokupa hapo uani haifanani kabisa na ya mnada, na mwenye shida haoni bei, anaona bahasha. Mkopo wa nyumba unaotegemea korosho kila mwezi utampeleka mume wako kwa huyo mtu wa pikipiki, na yeye ndiye atakayebeba aibu hiyo peke yake kijijini. Sitaki afike huko.

Na bei zenyewe mnazijua. Msimu wa 2018 wakulima wa Mtwara na Lindi walikataa bei za mnada, na Novemba mwaka huo serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo. Wapo waliokaa miezi wakisubiri malipo. Benki haisubiri miezi. Misimu yake mitatu ni 4, 11 na 7. Ukiniuliza ana kipato gani nitakwambia 4.

Lakini korosho zina kazi nyingine kwenye mkopo huu, na huko zina nguvu kuliko mshahara wako. Ukikopa milioni 30, mwaka wa kwanza utalipa milioni 5 na karibu laki tatu. Unajua deni litakuwa limepungua kiasi gani? Kama laki tano na elfu ishirini na tano. Zilizobaki zote ni riba. Hilo huwavunja watu moyo, wanaona wanamwagia maji mchangani. Sasa fikiria mwisho wa mwaka huo mnada umekwenda vizuri, mume wako akaleta milioni 3 na mkazipeleka moja kwa moja kupunguza deni, rejesho likabaki lilelile. Mkopo unaisha karibu miaka minne mapema. Milioni 3 za msimu mmoja zinafuta miaka karibu minne ya makato kwenye mshahara wako. Mwonyeshe hesabu hii baba watoto, mkae nayo pamoja. Mkulima akijua gunia lake limenunua mwezi gani wa nyumba yake, hatajiona mgeni ndani ya nyumba iliyolipwa na mwalimu. Msimu mbaya ukija halipi kitu na hakuna anayempigia simu.

Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili yaandikwe: je, kulipa mapema kuna adhabu, na je, ukilipa mapema wanapunguza miaka au wanapunguza rejesho. Unataka wapunguze miaka.

Shemeji yako amesema kwa nia njema lakini amechanganya mambo. Dhamana ya mkopo huu ni nyumba yenyewe inayonunuliwa. Kuongeza shamba juu yake hakukuongezei hata shilingi, kwa sababu kilichokubana ni mshahara na makato. Mama mkwe yuko sahihi na mwambie nimesema hivyo. Mikorosho ya mjomba ibaki ya ukoo.

Na vyumba vya uani, vipangisheni kama mnataka, pesa ikija iende sukari na vocha. Msiiweke kwenye hesabu ya benki. Mwaka 2012 na 2013 gesi ilikuwa midomoni mwa kila mtu Mtwara, watu walijenga kwa ajili ya wapangaji ambao walikuwa bado hawajafika. Nilifahamu zaidi ya familia moja iliyokopa kwa hesabu ya wageni, na vyumba vikakaa na vumbi wakati rejesho linadai. Chumba kinahesabiwa mtu akishalala humo.

Tuje kwenye kitu ambacho hukukiuliza, nacho ndicho kinachoweza kuvunja yote haya. Nyumba hiyo hati yake ina jina la nani? Mzee amefariki. Watoto wake, hata wakiwa wote na nia moja, hawawezi kuwauzia mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na yeye ndiye mwenye saini. Na kama hakuna hati, kuna karatasi ya mauziano ya mtaani tu, benki haitaandika rehani juu yake, uwe na nafasi ya milioni 15 au 35. Omba nakala ya hati, nenda nayo ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi uone kama jina ni la marehemu, kama imebaki miaka ya kutosha, na kama haina rehani nyingine wala zuio. Usitoe hata laki moja ya "kuishikilia" kabla ya hapo. Ukitoa yoyote, iwe kwa mkataba mbele ya wakili, akisaini msimamizi, siyo mtoto mmoja aliyepiga simu.

Hiyo mirathi inachukua miezi, na miezi hiyo ni faida yako. Madeni yakishaisha, kila mwezi 296,000 zilizokuwa zinakatwa zinabaki kwako. Ziweke. Mahitaji yako ni haya: benki kwa kawaida hukopesha asilimia 80 hadi 90 ya thamani, lakini wewe unakopa 30, kwa hiyo kwenye 45 unatakiwa kutoa 15 mwenyewe, pamoja na gharama za mthamini, wakili, ushuru wa stempu, bima na ada ya benki, ambazo zitakula milioni kadhaa. Baada ya kulipa madeni unabaki na milioni 6. Msimu huu uhesabu kwa ile 4. Ni 10. Pengo lipo, na nisingependa ulizibe kwa mkopo mwingine wa pembeni. Ukifanya hivyo tumerudi kwenye 110,000 iliyokuziba mwanzo. Lizibe kwa muda na kwa bei. Milioni 45 ni neno la kwanza la warithi. Mthamini aliyesajiliwa akija na thamani ya chini ya hapo, benki itafuata ya mthamini, na hapo una karatasi ya kuweka mezani. Mpangaji wa miaka sita anayelipa, anayejulikana, na mwenye mkopo uliokubaliwa, si rahisi kumpata mwingine wakiwa wako Dar.

Mume wako itabidi asaini idhini benki, sheria inataka hivyo kwa nyumba ya familia. Mimi ningeenda mbele zaidi: hati mpya iandikwe majina yenu wawili. Mshahara ni wako, lakini mtaji wa korosho na mikono iliyojenga tangi ni vyake.

Tangi lenyewe nalo lishughulikieni. Makubaliano na mzee yalikuwa ya mdomo, na mwenye kuyakumbuka upande wa pili hayupo. Mume wako atafute risiti za saruji na nondo, na kama kuna jirani aliyeshuhudia wakiongea, aandike na kusaini. Mthamini atakapokuja atalipima kama sehemu ya nyumba na kuliongeza kwenye thamani. Warithi wajulishwe kwa barua, kabla hawajataja bei ya mwisho, kwamba hilo tangi wapangaji ndio waliligharimia.